Kufuma kwa nyuzi mbili kwa pamoja kwenye mashine ya nyumbani

Ikifika Juni, Nairobi hushikwa na kibaridi kinachokaa hadi Agosti, na kila mwenye mashine ya kufuma nyumbani huanza kuombwa sweta nzito. Lakini mashine nyingi tulizo nazo, iwe ni Brother au Silver Reed, ni zile za sindano 200 zilizopangwa kwa nafasi ya milimita 4.5. Mashine ya namna hiyo haipendi uzi mnene wa kufumia kwa mkono. Ukiulazimisha, kareji (kile kipande unachokisukuma juu ya sindano) inakwama katikati ya mstari, na ukiisukuma kwa nguvu unapinda sindano. Uzi unaoipendeza ni ule mwembamba wa koni, nao peke yake hutoa kitambaa chepesi cha kuvaa Januari.

Njia ya kutokea hapo ni kufuma nyuzi mbili nyembamba kwa mara moja. Unapata uzito, unapata rangi ya mchanganyiko ambayo haiuzwi dukani, na unamaliza mabaki ya koni yaliyojaa chini ya kitanda. Mashine yenyewe haihitaji kubadilishwa chochote. Kazi yote iko kwenye njia ya uzi, kuanzia koni ilipo sakafuni mpaka kwenye kareji, na ndiyo maana sehemu hiyo nimeiandika kwa urefu kuliko nyingine.

Nyuzi mbili zinaweza kufumwa kwa namna tatu. Unaweza kuziingiza zote katika tundu moja la uzi zifumwe kama uzi mmoja. Unaweza kuzipanga moja ionekane nje ya nguo na nyingine ibaki ndani. Au unaweza kuchora maua na miraba kwa kadi ya matundu, kila sindano ikichukua uzi mmoja tu katika kila mstari. Anza na ile ya kwanza hata kama umefuma kwa miaka, kwa sababu ukiiweza hizo mbili nyingine zinakuwa nyepesi.

Uzi wa kuchagua

Soma kibandiko kilicho ndani ya koni. Ukiona 2/16 kwenye uzi wa akriliki au wa sufu, namba ya kwanza inakwambia nyuzi ngapi zimesokotwa pamoja, na ya pili inakwambia gramu moja ya uzi mmoja kati ya hizo ina mita ngapi. Gawa 16 kwa 2: gramu moja ya uzi huo ina mita 8. Ukizifuma mbili pamoja, gramu moja inakuwa na mita 4, yaani mita 400 kwa gramu 100. Huo ni unene mzuri kwa mashine ya milimita 4.5. Nyuzi mbili za 2/28 zinakupa mita 7 kwa gramu, kitambaa chepesi zaidi, kizuri kwa kizibao cha ofisini. Pamba huhesabiwa kwa mfumo mwingine, kwa hiyo usitumie hesabu hii kwenye koni ya pamba.

Koni haina kibandiko? Pima mita 50 za uzi, uziweke kwenye mzani mdogo wa jikoni, kisha gawa 50 kwa gramu ulizopata. Nyuzi mbili kwa pamoja zikishuka chini ya mita 3 kwa gramu, mashine itaanza kulalamika. Hapo tumia sindano moja na kuruka moja, au utafute uzi mwembamba zaidi.

Akriliki na akriliki haina shida. Akriliki na sufu inawezekana, ila nguo itafuliwa kwa maji baridi maisha yake yote, maana sufu hujikunja na kuganda ikipigwa na maji moto. Pamba na akriliki mimi siipendi: moja inanyumbuka, nyingine hainyumbuki, na baada ya kufuliwa mara kadhaa nguo inafanya vijikunjo. Kama lazima uzichanganye, fua kipande cha majaribio kwanza.

Kwa mwenye bajeti ndogo, mafundi wanaofuma sweta za shule hubaki na koni zisizotosha nguo nzima, na rangi zao unazijua: maruni, kijani kibichi, buluu ya bahari, kijivu. Maruni ikifumwa pamoja na kijivu hutoa rangi ambayo hakuna atakayeifikiria shule. Njia nyingine ni kununua sweta ya mtumba kwenye soko la Gikomba au Toi na kuifumua. Kabla hujalipa, igeuze uangalie mishono ya pembeni. Ikiwa imekatwa na kushonwa kwa ovaloki, iache, kwa sababu kila mstari umekatwa na utapata vipande vya nusu mita. Unayoitaka ni ile ambayo vipande vyake vimefumwa kwa umbo na kuunganishwa kwa mnyororo wa uzi. Uzi uliofumuliwa huwa na mawimbi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uloweshe, uanike ukining'inia na kitu kizito kidogo chini. Ukikauka utakuwa umenyooka.

Mashine iwe tayari

Mashine hizi karibu zote ni za mkono wa pili, na kitu cha kwanza kuchoka ni utepe wa sponji unaolala juu ya sindano na kuzikandamiza zisinyanyuke. Uvute nje kutoka upande mmoja. Ukikuta sponji imelala bapa au inabanduka kama unga, ibadilishe kabla ya kufanya lolote. Kwa uzi mmoja mwembamba mashine inaweza kuvumilia sponji mbovu, lakini kwa nyuzi mbili utaona vitanzi vinaruka. Chuma chenyewe hakitupwi: kwangua gundi ya zamani, bandika sponji mpya ya unene uleule wa awali na kitambaa chembamba juu yake ili sindano zisiichane.

Tia tone la mafuta ya cherehani kwenye reli na chini ya kareji, kisha ipitishe kareji mara kadhaa bila uzi na ufute yanayozidi. Sukuma pia kwa kuisikiliza: mlio uwe wa namna moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukikatika mahali fulani, hapo pana sindano iliyopinda au ulimi wake (kile kijichuma kinachofungua na kufunga ncha) umekaza. (Wanaoishi kwenye fleti watanielewa: mlio huo huo saa nne usiku ni ugomvi na jirani wa chini. Weka kipande cha zulia chini ya miguu ya meza.) Faida ya mashine ya kusukuma kwa mkono ni kwamba stima ikipotea unaendelea alimradi una mwanga.

Njia ya uzi

Hapa usiharakishe. Nyuzi mbili zikifika kwenye kareji moja imekaza na nyingine imelegea, iliyolegea inatengeneza kitanzi kidogo kinachotokeza nje ya kitambaa, na hakuna kitufe cha kareji kitakachorekebisha hilo.

1. Weka koni zote mbili sakafuni nyuma ya mashine, chini ya antena, yaani ule mlingoti wenye nyaya mbili za kupinda juu. Ziachane kama sentimita 30 ili uzi wa moja usiparamie nyingine. Kama uzi wako uko kwenye donge, liweke ndani ya sufuria lisirukeruke.

2. Kila uzi upewe njia yake: tundu lake la nyuma, visahani vyake vya kukazia, na waya wake wa juu. Usipitishe zote mbili katika visahani vya upande mmoja. Visahani hubana uzi mnene, na ule mwembamba ulio pembeni yake unateleza bila kubanwa.

3. Chukua mshumaa mweupe wa kawaida na uusugue upande wa koni mara chache, ukiizungusha. Nta inapunguza msuguano, na uzi mkavu unatulia. Miezi ya Januari na Februari, hewa ya Nairobi ikikauka, nyuzi za akriliki hushikana kwa umeme tuli na kupanda pamoja. Nta inasaidia na hapo pia.

4. Rekebisha vitufe vya visahani kimoja kimoja. Shika ncha za nyuzi zote mbili pamoja na uzivute mbele kama nusu mita, polepole. Tazama nyaya za juu: zinatakiwa kupinda sawasawa na kurudi sawasawa. Waya mmoja ukiinama sana, legeza visahani vyake. Ukibaki umesimama, vikaze. Vuta tena. Uzi mmoja ukijikunja mkononi mwako wakati mwingine umenyooka, bado hujafika. Kwa kawaida nyuzi mbili hutaka visahani vilegee kidogo kuliko ulivyozoea kwa uzi mmoja, kwa sababu sasa sindano inavuta mara mbili.

5. Ingiza nyuzi zote mbili kwenye tundu la kwanza la kareji, ambalo Brother huliita A, na ufunge kilango chake. Hakikisha hakuna uzi uliobaki nje ya kilango; kosa hilo linaweza kuangusha vitanzi vyote vya mstari kwa pigo moja. Ncha zibane kwenye kibanio cha meza.

Kwa rangi mbili zinazotofautiana sana, kwa mfano nyeusi na nyeupe, nyuzi zikienda sambamba hujipanga zinavyotaka. Mistari mitano nyeusi iko juu, halafu ghafla nyeupe inatawala, na kitambaa kinakuwa na mabaka. Wengine wanayapenda. Ukitaka mchanganyiko uliotulia, ziache nyuzi zijisokote zenyewe. Weka koni ya kwanza sakafuni, na ya pili juu yake kwenye stuli yenye tundu au kreti ya soda iliyogeuzwa. Uzi wa koni ya chini upitishe katikati ya tundu la koni ya juu, utokee kileleni. Koni ya juu inapofunguka, uzi wake unazunguka ule unaopita katikati, na zote mbili zinaelekea kwenye antena zikiwa zimeviringana. Katika hali hii peke yake ndipo zinapopita kwenye njia moja ya antena, kwa kuwa zimekuwa uzi mmoja. Hakikisha tu tundu la koni ya juu halina ukingo mkali. Kipande cha mrija mnene wa kunywea soda kikiingizwa ndani kinatosha.

Usizizungushe nyuzi mbili pamoja kwenye donge moja kabla ya kufuma. Inaonekana ni njia ya mkato, lakini moja huishia kuwa ndefu kuliko nyingine na ziada yote inajilimbikiza karibu na antena.

Kipande cha majaribio

Hakuna sweta ya nyuzi mbili bila kipande cha majaribio, hata kama haraka ya mteja ni ya harusi. Anzisha vitanzi kwenye sindano 60 kwa uzi wa kutupa (uzi wowote utakaouondoa baadaye), fuma mistari kadhaa, kisha ingiza nyuzi zako mbili. Kwa 2/16 mbili, anza na namba 7 kwenye kitufe cha ukubwa wa kitanzi. Fuma mistari 10, weka alama ya uzi wa rangi nyingine kwenye kitanzi cha 21 kushoto na cha 21 kulia kwa sifuri iliyo katikati ya mashine, ili kati ya alama kuwe na vitanzi 40. Fuma mistari 60, weka alama tena, maliza na mistari 10.

Kitoe, kifue kama nguo itakavyofuliwa, kikauke kikiwa kimelazwa. Ukikipima kikiwa kimetoka tu mashineni kitakudanganya, kwa sababu kilikuwa kimevutwa na mawe ya uzani yanayoning'inizwa chini yake.

Tuseme vitanzi 40 vimetoa sentimita 14, na mistari 60 imetoa sentimita 15. Unafuma sweta ya mtoto ambayo mbele yake ni upana wa sentimita 38 na urefu wa sentimita 40. Upana: 38 mara 40, gawa kwa 14, unapata 108 na ushee. Ongeza vitanzi viwili vya kushonea pembeni, ufanye 110. Urefu: 40 mara 60, gawa kwa 15, ni mistari 160. Basi.

Kabla hujakifumua, kipime uzito. Kipande chetu ni kama sentimita 21 kwa 20, yaani sentimita za mraba 420. Kikiwa na gramu 13, na sweta nzima pamoja na mikono ni kama sentimita za mraba 5,000, utahitaji gramu 155 hivi. Ongeza za ribu (pindo la mifereji linalonyumbuka), kola na za kupotea, ufike 200, na ugawe: gramu 100 za kila koni. Hesabu hii ndiyo inayokuokoa kuishiwa na maruni ukiwa umebakiza mkono mmoja.

Jinsi kitambaa kinavyoshikika ni muhimu kuliko vipimo. Kikiwa kigumu kama mkeka, ongeza namba hadi 8. Kikilegea na kuonyesha vidole ukikinyoosha, shuka hadi 6.

Kufuma

Sukuma kareji kwa mwendo mmoja, usikimbie. Ivuke sindano ya mwisho kidogo tu, sentimita chache, kisha urudi. Ukiipeleka mbali sana, unavuta uzi mrefu kuliko ambao waya wa antena unaweza kuurudisha, na ukingo wa kitambaa unatoka na vitanzi vya kuning'inia. Mawe ya uzani yahamishe juu kila baada ya mistari 20 au 30, hasa yale ya pembeni.

Kila unapofika ukingoni, inua macho uangalie antena. Waya uliosimama wima kabisa unamaanisha uzi wake umekatika au umeisha. Kwa uzi mmoja ungejua mara moja, kwa sababu kitambaa kingeanguka. Kwa nyuzi mbili hakianguki. Unaendelea kufuma kwa uzi mmoja bila habari, na unagundua usiku ukiwa unashona mabega. Waya ulioinama hadi karibu kugusa antena nao unamaanisha koni imenasa. Simama kabla hujasukuma.

Tatizo la pili ni sindano kushika uzi mmoja na kuuacha mwingine. Upande unaokutazama utaona uzi mwembamba umelala mbele ya kitanzi badala ya kuwa ndani yake. Usifumue mstari mzima. Chukua kifaa chenye ulimi, kichomeke kwenye kitanzi kilicho chini ya palipoharibika, kiachie kitanzi hicho peke yake kishuke hadi hapo, kisha kipandishe ngazi kwa ngazi ukihakikisha kila ngazi unashika nyuzi zote mbili. Sindano ileile ikirudia kosa, itoe na uiangalie ulimi wake mbele ya dirisha. Ikirudiwa na sindano tofauti tofauti, tatizo ni visahani au sponji.

Unapounga uzi mpya, unga ukingoni mwa mstari, na usiunge nyuzi zote mbili mahali pamoja. Moja iungwe leo kulia, nyingine mistari kadhaa baadaye. Mafundo mawili yakikutana kwenye sindano moja hayapiti.

Rangi moja nje, nyingine ndani

Kwa kazi hii unahitaji tundu maalumu la uzi lenye njia mbili, linalowekwa mahali pa lile la kawaida. Kuna mashine zilizouzwa nalo pamoja na kitanda cha ribu (safu ya pili ya sindano ya kufumia ribu), kwa hiyo kagua sanduku la vifaa kabla ya kutafuta la kununua. Uzi mkuu unatokea upande wa nje wa nguo, ambao ukiwa mashineni haukutazami wewe. Uzi wa pili unabaki upande wa ndani, unaokutazama.

Hii ndiyo namna ninayoipendekeza kwa sweta za watoto. Sufu inayowasha ikae nje, akriliki laini iguse ngozi. Uzi wa ndani uwe mwembamba kuliko wa nje au ulingane nao, usiuzidi. Fuma mistari 20 ya majaribio kwa rangi zinazogombana ili uone kama zinabadilishana mahali. Rangi ya ndani ikichungulia nje kama vumbi, punguza mwendo na urudie kile kipimo cha kuvuta nusu mita. Nyuzi za aina hii haziruhusiwi kujisokota hata kidogo, kwa hiyo ile mbinu ya koni juu ya koni haifai hapa.

Mwenye kitanda cha ribu ajaribu pindo la ribu moja kwa moja kwa namna hii: likitulia linaonyesha rangi kuu, likinyumbuka rangi ya pili inajitokeza katikati ya mifereji.

Kadi ya matundu

Kwa maua na miraba, uzi wa kwanza unakaa tundu la A na wa pili tundu la B; sindano zilizochaguliwa na matundu ya kadi zinachukua wa B, zilizobaki wa A. Hapa kila uzi unapofumwa mwingine unapita nyuma ukiwa huru. Ukipita nyuma ya sindano zaidi ya tano, tayari ni zaidi ya sentimita 2, na kidole cha mtoto kitanasa humo kila akivaa. Chagua kadi yenye vipande vifupi, au uwe tayari kukaa na sindano ya mkono kubana nyuzi hizo moja moja kwa ndani.

Ukimaliza

Vipande vya nyuzi mbili ni vinene, kwa hiyo vishone kwa uzi mmoja tu kati ya zile mbili, la sivyo mshono unakuwa kamba. Lowesha, vilaze juu ya taulo kwa vipimo vyako, viache vikauke kivulini. Pasi iwe mbali na akriliki: joto linaiua, kitambaa kinalala na kulegea na hakirudi tena. Kama kola imejikunja na mteja yuko njiani, weka kitambaa chenye unyevu juu yake na uishikilie pasi hewani kama sentimita 3, bila kugusa, kwa sekunde chache tu.